Seva ya pamoja, VPS au jukwaa la kujengea: tovuti ya biashara ndogo ikae wapi?

Mwenye biashara akitafuta mahali pa kuhosti tovuti yake, yaani seva (kompyuta ya mtandaoni) itakayoibeba, kitu cha kwanza anachooneshwa ni namba: GB 100 za nafasi, anwani 50 za barua pepe, wageni bila kikomo. Karibu zote hazimsaidii kuchagua. Tovuti yenye kurasa 30 na picha 300 zilizopunguzwa hadi KB 300 kila moja inabeba MB 90 za picha. Ongeza WordPress (programu ya kujengea tovuti), plagini (nyongeza zake) na hifadhidata, kwa kawaida bado hujafika GB 1. Kwa upande wa wageni, watu 200 kwa siku, kila mmoja akifungua kurasa nne za MB 2, ni GB 1.6 kwa siku na GB 48 kwa mwezi. Mipango mingi ya bei ya chini inabeba mzigo huo bila kutetereka.

Tofauti yenyewe iko kwenye kazi. Tovuti ina kazi zisizokwisha: programu zisasishwe, nakala rudufu zichukuliwe, cheti cha usalama kisiishe muda, wavamizi wazuiwe, na tovuti ikizima usiku pawe na mtu wa kuiwasha. Hakuna mpango unaozifuta kazi hizi. Zinahama tu kutoka mkononi mwako kwenda mkononi mwa mwingine, au zinabaki bila mwenyewe. Kwa hiyo ninapolinganisha huduma mbili nauliza mambo mawili: kazi hizi atazifanya nani, na siku nikitaka kuondoka nitatoka na nini? Nimejenga na kuhamisha tovuti za biashara ndogo kwa muda mrefu, na wengi niliowaona wakijuta walikuwa wameruka swali mojawapo kati ya hayo.

Seva ya pamoja na VPS

Kwenye seva ya pamoja, mashine moja inabeba tovuti nyingi, mara nyingine mamia. Kampuni inatunza mfumo endeshi, PHP (lugha inayotengeneza kurasa) na hifadhidata. Wewe unapewa paneli, mara nyingi cPanel au inayofanana nayo, unabofya mara chache na WordPress inasimama. Kazi zinazobaki kwako ni za tovuti yenyewe: kusasisha plagini na mandhari (mwonekano wa tovuti), kutunza nywila, kuhakikisha nakala zipo.

Maneno "bila kikomo" kwenye matangazo yake yanahusu nafasi na data. Kikomo kipo, ila kiko kwingine: sehemu ya prosesa unayoruhusiwa kutumia, RAM (kumbukumbu ya kazi), idadi ya michakato inayoendeshwa kwa wakati mmoja, na idadi ya mafaili. Hiki cha mafaili huwashangaza wengi. Kwenye seva nyingi kila barua pepe huhifadhiwa kama faili moja, kwa hiyo sanduku la barua ambalo halijafutwa kwa miaka linaweza kumaliza mgao wa mafaili wakati nafasi imejaa robo tu.

Nilitunza tovuti ya fundi samani mmoja iliyokuwa kwenye seva ya namna hiyo. Karibu kila siku, kuanzia saa sita mchana, wateja walikuta ukurasa mweupe wenye namba 508, ambayo kwenye seva hizo ina maana kwamba akaunti imemaliza mgao wake. Nilipofungua kumbukumbu za maombi, yaani orodha ya kila ombi lililofika kwenye seva, nilikuta anwani zilezile zikigonga faili la wp-login.php, mlango wa kuingilia WordPress, mara tatu au nne kila sekunde, zikibahatisha nywila. Kila jaribio la aina hiyo linaamsha PHP na hifadhidata, hata likifeli. Na plagini ya nakala rudufu ilikuwa imepangwa ianze saa sita kamili, ibane tovuti nzima kwenye faili moja. Mizigo hiyo miwili ilikutana, mgao ukaisha, wateja wa kweli wakabaki nje. Kitengo cha msaada kilinijibu ninunue mpango mkubwa zaidi. Nikahamishia kazi ya nakala saa tisa usiku, nikaweka kikomo cha majaribio ya nywila, nikawasha kache (nakala ya ukurasa iliyokwisha kutengenezwa) ili ukurasa usitengenezwe upya kwa kila mgeni. Namba 508 haikurudi, na mpango ulibaki uleule.

VPS, yaani seva pepe ya binafsi, ni jambo jingine. Mashine moja kubwa inagawanywa kwa teknolojia kama KVM, iliyoingia kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux mwaka 2007, na kila mteja anapata seva yake pepe yenye RAM yake, mfumo endeshi wake na mamlaka yote juu yake. Jirani akielemewa na wageni, athari kwako ni ndogo kuliko kwenye seva ya pamoja. Unaweza kuendesha Node.js, Python au chochote unachotaka. Na bei ya VPS ndogo mara nyingi inakaribiana na ya seva ya pamoja, na hapo ndipo watu wengi wananaswa: wanaona bei ileile na uhuru mkubwa zaidi, hawaoni kwamba mtu aliyekuwa akitunza mfumo ameondoka.

Chukua VPS yenye RAM ya GB 1, weka WordPress na MySQL, programu ya hifadhidata. Siku za kawaida inaenda vizuri. Siku wageni wakiongezeka, PHP inazaa michakato mingi, RAM inaisha, na kiini cha Linux kinafanya kilichoandikiwa kufanya: kinachagua mchakato unaokula kumbukumbu nyingi na kuuua. Mara nyingi huo ni MySQL. Seva iko hewani, ukiipima inajibu, lakini kila mgeni anaona sentensi moja tu kwamba tovuti imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata. Nimeliona hili likitokea Ijumaa usiku na kugundulika Jumatatu asubuhi, kwa sababu kulifuatilia haikuwa kazi ya mtu yeyote. Dawa yake si ngumu: eneo kwenye diski la kuisaidia RAM inapojaa, kikomo cha michakato ya PHP, na programu ya kufuatilia inayotuma ujumbe tovuti ikianguka. Lakini lazima awepo anayeijua dawa hiyo kabla ya Ijumaa.

Msimamo wangu hapa hauyumbi. Kama biashara haina mtu wa kuingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuiendesha kwa amri ukiwa mbali), kusoma kumbukumbu za matukio na kusasisha mfumo kila wiki, isinunue VPS isiyo na usimamizi, hata ikiwa nafuu kiasi gani. VPS inayosimamiwa na kampuni ipo, na inagharimu zaidi kwa sababu sasa unalipia na mtu. Kabla ya kulipa, omba orodha ya wanachokisimamia. Wengine wanaishia kwenye mfumo endeshi, na WordPress ikivamiwa watakuambia hiyo ni ya kwako.

Mahali VPS inaposhinda wazi ni pale biashara ina programu yake maalumu, au duka lenye wateja wengi wanaoingia kwenye akaunti zao kwa wakati mmoja. Kikapu cha mteja hakiwezi kuwekwa kwenye kache kama ukurasa wa "Kuhusu sisi". Kila kubofya ni kazi mpya kwa hifadhidata, na migao ya seva ya pamoja hufika kikomo haraka.

Katikati ya hizi mbili kuna huduma za kuhosti WordPress peke yake. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, ndiyo maana kuna kampuni zinazoishi kwa kuitunza tu. Zinasasisha, zinachukua nakala kila siku, zinakupa nakala ya majaribio ya kujaribia mabadiliko. Kama WordPress ndiyo chombo chako na tovuti inakuingizia pesa, hapa pesa ya ziada inafanya kazi. Angalia mambo matatu: nyingi huhesabu wageni kwa mwezi na kutoza wakizidi, baadhi huzuia plagini fulani, na nyingi hazitoi barua pepe.

Majukwaa ya kujengea

Wix, Squarespace na Shopify wamechukua karibu kazi zote. Hakuna PHP ya kusasisha wala cheti cha kufuatilia. Mwenye biashara anabadilisha bei au picha mwenyewe bila kumpigia fundi. Kwa duka, Shopify inabeba pia sehemu kubwa ya masharti ya usalama wa kadi za malipo, mzigo ambao mwenye duka dogo kwenye VPS yake mwenyewe mara nyingi hata hajui kwamba upo.

Gharama yake inajitokeza mlangoni, wakati wa kutoka. Tovuti ya Wix haihamishiki kwenye seva nyingine. Ukiondoka unajenga upya. Squarespace inakuruhusu kutoa sehemu ya maudhui kwa muundo ambao WordPress inausoma, lakini mwonekano unabaki kwao. Shopify inakupa orodha ya bidhaa na wateja kwa faili la CSV (jedwali la maandishi), jambo la maana sana, ingawa mandhari ya duka hayaendeshwi nje yake. Kwenye seva ya pamoja au VPS unabeba mafaili yote na hifadhidata, na baada ya saa chache tovuti ileile inasimama kwingine.

Kwa Shopify chunguza na malipo kabla ya kuanza. Mfumo wake wa malipo haupatikani katika nchi zote, na ukitumia mfumo mwingine, wanakata asilimia ya kila mauzo juu ya ada ya mwezi. Duka lenye faida nyembamba linaweza kulipa ada hiyo kubwa kuliko gharama yote ya kuhosti kwingine. Piga hesabu kwa mauzo yako ya mwezi uliopita, usiyatumie unayoyatarajia.

Bado kuna kurasa tuli, yaani mafaili ya HTML yasiyo na PHP wala hifadhidata nyuma yake. Ni za haraka, mvamizi hana pa kushika, na kuna huduma zinazozibeba bure. Lakini masharti yasomwe: GitHub Pages inasema waziwazi kwamba si mahali pa bure pa kuendeshea biashara au duka la mtandaoni, na mpango wa bure wa Vercel ni wa matumizi yasiyo ya kibiashara. Halafu kuna swali la nani atabadilisha saa za kufungua fundi akiwa safarini. Kama jibu ni "hakuna", kurasa tuli zitachakaa.

Huduma kubwa za wingu kama AWS naziacha nje ya ulinganisho huu kwa biashara ndogo nyingi. Bili inafuata matumizi, ikiwemo data inayotoka, na mwenye biashara anahitaji kujua mwanzoni mwa mwezi atalipa nini mwishoni.

Bei inayoonekana na bei inayolipwa

Punguzo la mwaka wa kwanza ndilo linalopotosha zaidi. Tuseme huduma ya kwanza inatoza 1 mwaka wa kwanza, kisha 3 kila mwaka inapohuishwa. Ya pili inatoza 2 kila mwaka. Ukisoma tangazo, ya pili ni ghali mara mbili. Ukihesabu miaka mitatu, ya kwanza ni 7 na ya pili ni 6. Bei ya kuhuisha kwa kawaida imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kitufe cha kununua, au ndani ya masharti. Itafute, izidishe kwa miaka, kisha ndipo ulinganishe.

Usilipie cheti cha usalama cha kawaida. Let's Encrypt inatoa vyeti bure tangu mwishoni mwa mwaka 2015, na kwa mgeni usimbaji wake (kuficha data njiani) ni uleule wa cheti cha kulipia. Tangu Julai 2018 Chrome inaiandika tovuti isiyo na cheti kuwa si salama, kwa hiyo cheti ni lazima, lakini kampuni isiyokuwekea cha bure na kinachojihuisha chenyewe inakuuzia kitu ambacho wenzake wanakitoa kama sehemu ya huduma.

Ahadi ya kuwa hewani nayo inahitaji kutafsiriwa. Asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 ni kuzima kwa dakika 43. Asilimia 99 ni saa 7 na dakika 12. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni siku nzima ya kazi. Na fidia ahadi ikivunjwa kwa kawaida ni sehemu ya ada yako ya mwezi. Mauzo uliyopoteza hayahesabiwi.

Umbali

Watu wanabishana kuhusu prosesa na kusahau ramani. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo kilomita 10,000 kutoka kwa mteja haiwezi kujibu chini ya milisekunde 100, kwenda na kurudi, hata ikiwa na nguvu kiasi gani. Muunganisho mpya wenye usalama unahitaji safari tatu hivi kabla herufi ya kwanza ya ukurasa haijafika: moja ya kuunganisha, moja ya kukubaliana usimbaji, moja ya kuomba ukurasa. Hapo ni milisekunde 300 kabla seva yenyewe haijahesabiwa muda wake, na nyaya halisi hazinyooki kama mstari wa rula. Kwa hiyo chagua kituo cha data kilicho karibu na wateja wako, hata kama kiko mbali nawe mwenyewe. Mtandao wa kusambaza maudhui kama Cloudflare, ambao una mpango wa bure, hupunguza pengo kwa picha na kurasa zilizo kwenye kache. Kikapu na malipo bado vinasafiri hadi kwenye seva.

Nakala rudufu, jina la kikoa, barua pepe

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jirani. Wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale na seva. Ndiyo maana jibu la "tunachukua nakala kila siku" halinitoshi. Nauliza: zinahifadhiwa jengo gani? Za siku ngapi zilizopita? Kurudisha ni bure au kunalipiwa, na ninaweza kurudisha mwenyewe? Kisha nachukua nakala yangu na kuiweka kwa kampuni nyingine kabisa, na mara moja kila miezi mitatu naijaribu kwenye seva tupu. Nimewahi kufungua nakala ya mwaka mzima nikakuta hifadhidata ndani yake ina ukubwa wa sifuri. Tangu siku hiyo siamini nakala ambayo sijaifungua.

Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lisajiliwe kwa jina la biashara na barua pepe ya mwenye biashara. Hili lina uzito kuliko chaguo lolote la seva. Seva mbaya unaihama kwa siku moja, lakini jina lililosajiliwa kwa jina la fundi ambaye hapokei tena simu linaweza kukushikilia miezi. Mimi husajili jina kwa kampuni moja na kuhosti kwa nyingine, ili ugomvi na mmoja usinifungie vyote.

Na barua pepe ningeitoa kwenye seva ya pamoja mara tu bajeti ikiruhusu. Unatumia anwani ya mtandao pamoja na majirani usiowajua. Mmoja akituma taka, ankara zako nazo zinaangukia kwenye folda ya taka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai barua ziwe na uthibitisho wa SPF au DKIM (rekodi zinazothibitisha mtumaji), na kwa watumaji wa wingi vyote viwili pamoja na DMARC, rekodi inayosema barua isiyothibitishwa ifanywe nini. Kampuni ya kuhosti iwe inakuwekea rekodi hizi, au angalau ikupe nafasi ya kuziweka mwenyewe.

Ningechagua nini

Kwa biashara inayotaka tu kuonekana, kueleza huduma zake na kupokea maombi kwa fomu, ningechukua seva ya pamoja kwenye kampuni yenye bei ya kuhuisha inayoeleweka na nakala ninazorudisha mwenyewe. Kwa duka dogo lisilo na fundi, Shopify, hesabu ya malipo ikikubali. Kwa tovuti ya WordPress inayoleta mapato kila siku, huduma ya WordPress peke yake. VPS ningeipeleka kwa mwenye programu yake na mtu wa kuitunza aliyeandikiwa kazi hiyo.

Kabla ya kulipa, tuma swali kwa kitengo cha msaada usiku wa Jumamosi. Uliza jambo mahususi: "Nikifuta kwa bahati mbaya meza moja ya hifadhidata, nitaipataje?" Angalia muda wanaochukua, na angalia zaidi kama jibu linahusu meza moja au wamekubandikia maelezo ya jumla. Lipa mwezi mmoja kwanza, hata kama mwaka una punguzo.

Na kama unahama kutoka mahali pengine, siku moja kabla punguza TTL (muda ambao wengine huhifadhi rekodi kabla ya kuiuliza upya) ya rekodi za DNS, zinazoelekeza jina la kikoa kwenye seva, hadi sekunde 300, ili mabadiliko yasambae kwa dakika badala ya saa nyingi. Jaribu tovuti kwenye seva mpya, jaza fomu zake moja moja, kisha elekeza jina la kikoa. Akaunti ya zamani iache wazi wiki mbili na uingie kwenye sanduku lake la barua kila asubuhi: siku mbili tatu za mwanzo kunaweza kuwa na barua za wateja zilizoangukia huko.